Kamusi ya simu mbele ya neno "canter": tathmini baada ya miezi mitatu

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikitumia programu ya kulipia ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ya aina inayopakuliwa kwenye simu na kufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, na kazi niliyoipima nayo ni moja: kufasiri mwongozo wa kurasa 40 wa utunzaji wa farasi kwa ajili ya wafanyakazi wa zizi moja la kaskazini mwa Tanzania. Programu yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta vilevile katika nyingine mbili nilizozijaribu, na si haki mmoja abebeshwe lawama za wote. Ninachotaka kumwachia msomaji ni kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe kabla hajalipia kamusi yoyote ya namna hii. Kipimo changu ni kidahizo kimoja cha Kiingereza, yaani neno moja linaloelezwa na kamusi: "canter", ambacho ni jina la mwendo mmojawapo wa farasi.

Kabla sijaeleza programu ilinijibu nini, ni lazima nieleze neno lenyewe lina maana gani, maana bila hilo msomaji hataona uzito wa kosa. Wanaofundisha farasi huhesabu miendo minne ya asili. Wa kwanza ni wa kutembea, ambao kwato nne hupiga moja baada ya nyingine bila haraka, kiasi cha kilomita 6 au 7 kwa saa, na mtu mwenye hatua ndefu anaweza kuandamana na mnyama bila kukimbia. Wa pili ni ule ambao Kiswahili cha pwani kinauita matiti: miguu huinuka kwa jozi za mshazari, wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, hivi kwamba sikio hupokea mapigo mawili tu, na aliyeketi juu ya tandiko hurushwarushwa asipojua kuinuka na kuketi pamoja na mwili wa mnyama. Wa tatu ndio "canter". Mguu mmoja wa nyuma hupiga peke yake. Unafuata mguu wa pili wa nyuma ukiwa pamoja na wa mbele ulio mshazari wake. Kisha hupiga mguu wa mbele uliobaki, na baada ya hapo farasi mzima huwa hewani kwa kitambo kidogo kabla ya kuanza upya. Ni mapigo matatu na kimya. Kasi yake huwa kati ya kilomita 16 na 27 kwa saa, na mpanda farasi aliyezoea atakuambia kwamba hakuna mwendo unaostarehesha kiuno kuliko huo. Wa nne ni shoti, mbio zenyewe, ambazo mapigo hurudi kuwa manne kwa sababu ile jozi ya katikati inaachana, na farasi hufika kilomita 40 hadi 48 kwa saa.

Miendo hii minne haitofautiani kwa kasi peke yake. Inatofautiana kwa mpangilio wa miguu, na farasi anaweza kwenda matiti ya haraka akampita mwenzake anayekwenda mwendo wa tatu kwa utulivu. Kwa hiyo kamusi inayoieleza kwa kasi tu, yaani "polepole", "haraka kidogo", "haraka sana", imeshakosea kabla ya kuandika neno lolote la Kiswahili.

Sasa nilipoandika "canter", programu ilinipa mistari miwili. Wa kwanza ulisema "aina ya lori dogo", na wa pili ulisema "kukimbia, kwa farasi". Nikaandika neno la mwendo wa pili, "trot", nikapewa "kukimbia polepole". Nikaandika neno la mwendo wa nne, "gallop", nikapewa "kukimbia". Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea herufi. Hapakuwa na kosa la herufi. Miendo mitatu ambayo mwalimu wa farasi hawezi kuichanganya hata usingizini ilikuwa imemiminwa katika kitenzi kimoja, kile kile tunachokitumia kwa mtoto anayekimbilia basi.

Pengine mtu atasema ni jambo dogo, kwamba farasi si mnyama wetu na mfasiri anaweza kujisaidia. Naomba nieleze kilichonitia wasiwasi. Ukurasa wa tisa wa mwongozo ule una ratiba ya kumrudisha kazini farasi aliyeumia kano ya mguu wa mbele. Farasi wa namna hiyo huanza kwa kuongozwa kwa kamba akitembea tu, kwa majuma kadhaa; kisha huruhusiwa kwenda matiti kwa dakika chache juu ya ardhi tambarare; baadaye sana huingizwa mwendo wa tatu; na shoti huja mwisho kabisa, daktari wa mifugo akiridhika. Kano iliyoanza kuunga ikivutwa kabla ya wakati hukatika upya, na mara nyingi jeraha la pili ni baya kuliko la kwanza. Nilipoipa programu sentensi ya ratiba hiyo katika sehemu yake ya kufasiri sentensi nzima, ilinirudishia hivi: "Baada ya kukimbia, farasi aanze kukimbia, lakini asikimbie hadi daktari aruhusu." Kila neno ndani ya sentensi hiyo ni Kiswahili safi. Mfanyakazi wa zizi akiifuata atamlemaza mnyama, na lawama itamwangukia yeye, si aliyemwandikia.

Kuhusu lori nitasema kwa haki. Programu haikubuni maana hiyo. Magari madogo ya mizigo ya Mitsubishi Fuso yenye jina la Canter yalianza kutengenezwa Japani mwaka 1963, na barabarani kwetu yamezagaa kiasi kwamba neno limeingia katika usemi wa kila siku. Fundi, dalali wa mchanga na mama anayehamisha vyombo wote husema "niitie kenta". Nchini Kenya neno limepanuka zaidi, hata lori dogo la kampuni nyingine huitwa hivyo hivyo. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayotumiwa Afrika Mashariki ingekuwa na upungufu kama ingeiacha maana hiyo. Kosa lake ni kwamba imeitanguliza bila alama yoyote ya kuonyesha kuwa ni jina la kibiashara lililogeuka jina la kawaida katika eneo letu, kisha ikairuhusu itawale sehemu ya kufasiri sentensi. Sentensi iliyomwelekeza mpandaji amtake farasi aingie katika mwendo wa tatu kwa kumgusa na mguu wa upande wa nje ilinirudia ikiwa "Omba lori kwa mguu wako wa nje." Mtungaji mwangalifu angeweka alama mbili tu, "wanyama" na "magari", na programu ingejua pa kushika kwa kutazama maneno ya jirani: tandiko, hatamu, kwato.

Jambo lililoniuma zaidi ni upande wa pili wa kamusi, ule wa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kiswahili kina maneno ya miendo hii, na si ya kubuniwa juzi. Matiti na shoti yamo katika kamusi za zamani. Nilipotafuta "shoti" nilipata hitilafu ya umeme peke yake, ile inayosababisha nyumba kuungua, na hapakuwa na dokezo lolote kwamba farasi huenda shoti. Nilipotafuta "matiti" nilipata viungo vya mwili wa mwanamke na wa mnyama anyonyeshaye, basi. Haya ni maneno yanayofanana umbo na kutofautiana maana, jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwa mfano wa "paa" na "kaa", na kila kamusi ya karatasi ninayoijua huyatenga kwa namba ndogo juu ya neno. Programu ya kulipia yenye nafasi isiyo na mwisho haina udhuru wa kuyakosa. Mtoto wa shule anayesoma hadithi akakuta kwamba mfalme alikuja na punda wake akienda matiti, kisha akafungua programu hii, atafunga hadithi akiwa ameduwaa.

Nilimtumia ujumbe rafiki yangu wa Lamu, ambako mitaa ni myembamba na mizigo hubebwa na punda, kiasi kwamba hospitali ya punda imekuwapo mjini hapo tangu mwaka 1987. Nilimwuliza kama maneno haya bado yanasemwa au yamebaki vitabuni. Alinijibu kwa sauti, nyuma yake nikisikia kwato juu ya mawe: "Dada, punda akienda matiti mzigo unaruka, akienda telki mzigo unatulia. Mwenye mayai anajua tofauti." Telki ni ule mwendo wa haraka wa punda, hatua fupifupi zinazofuatana bila mrusho. Nimeinukuu sentensi yake yote kwa sababu ndiyo mfano wa matumizi ambao kamusi nzuri ingeuweka chini ya kitomeo, yaani neno pamoja na maelezo yake kamusini. Ndani yake mna maneno mawili ya miendo, tofauti yao imeonekana kwa kitu kinachoshikika, na hakuna anayehitaji kuwa amewahi kupanda mnyama ili aielewe. Programu niliyoilipia haina telki kabisa.

Kwamba farasi walikuwa wachache pwani ni kweli, na sababu inajulikana: mbung'o na maradhi ya farasi ya Afrika viliwamaliza wengi walioletwa. Lakini uchache wa mnyama haukuwa uchache wa maneno. Tenzi za kale za vita zimejaa farasi, na kila aliyepita madrasa amewahi kuisoma Surat Al-Adiyat, inayoanza kwa kuapa kwa farasi waendao mbio wakihema na kutoa cheche kwa kwato zao. Watu waliosikia hayo tangu utotoni wana sikio la miendo ya farasi hata kama macho yao yamemwona kwenye picha tu, na kamusi inayowaandikia "kukimbia" inawapunja.

Niseme sasa pale programu iliponifurahisha, maana ilinifurahisha kweli. Wanaolipia hufunguliwa sehemu inayoitwa "asili ya neno", na maelezo ya "canter" katika sehemu hiyo ni mazuri kuliko kitomeo chenyewe. Tarehe 29 Desemba 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa kuu la mji wa Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza, na askari wanne wa Mfalme Henry II. Mwaka 1173 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu, na kwa zaidi ya karne tatu mahujaji walimiminika kaburini kwake, wengi wakiwa juu ya farasi, mpaka Henry VIII alipoamuru kaburi hilo livunjwe mwaka 1538. Hujaji hana haraka ya tarishi, wala hataki kufika akiwa amevunjika mgongo. Mwendo wa starehe uliohusishwa na safari hizo ukaitwa mwendo wa Canterbury, na kufikia karne ya 18 Waingereza walikuwa wameukata mkia wa jina hilo, likabaki "canter". Waanglikana wa Tanzania na Kenya, ambao humsikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitajwa kanisani, watafurahi kujua kwamba jina hilohilo ndilo limo katika neno lililoandikwa usoni mwa lori linalowaletea matofali.

Historia hii humsaidia mfasiri moja kwa moja. Inamwambia kwamba kiini cha neno ni wepesi na starehe, na kwa hiyo tafsiri yoyote inayonusa pupa au woga haifai. Wafaransa huuita shoti ndogo na Wahispania huuita nusu shoti, na ndugu zetu hao walifika kwa njia moja: walichukua neno lao la mwendo wa nne wakalipunguza makali. Nasi tunaweza. Baada ya kujaribu "mbio za madaha", ambayo ni tamu lakini inaweza kueleweka kama farasi anaringa, na "matiti ya haraka", ambayo ni kosa kwa sababu mpangilio wa miguu ni mwingine, nilikata shauri kuandika "shoti ya pole". Inabeba ukoo wake na shoti, inatangaza upole wake, na msomaji anaweza kuitamka bila kujikwaa.

Maana hiyo hiyo ya wepesi ndiyo iliyozaa usemi wa Kiingereza wa kushinda kwa "canter", unaotumiwa na watangazaji wa michezo timu inapopata ushindi bila kutoka jasho. Hapa programu ilinipa "kushinda katika mbio za farasi". Mwandishi wa michezo akiuamini ataandika habari ya farasi katika ripoti ya mpira. Kiswahili cha viwanjani kina "kushinda kiulaini" na "ushindi wa mteremko", na yeyote kati ya watungaji wa programu angesikiliza redio jioni moja angeyapata yote mawili.

Picha nazo zinahitaji neno. Kila kitomeo cha mnyama kina mchoro, na mchoro wa shoti unaonyesha farasi aliye hewani akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele kabisa na ya nyuma nyuma kabisa, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wa Ulaya kwa muda mrefu. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja kandokando ya njia na kumpiga picha farasi wa tajiri Leland Stanford akiwa mbioni. Picha zilithibitisha kwamba farasi huacha ardhi kwa miguu yote minne, lakini hilo hutokea pale miguu inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo, kamwe si ikiwa imetandazwa. Ni miaka mia na arobaini na zaidi tangu jambo hilo lijulikane. Mchoro wa kamusi ni sehemu ya maana, na huu unafundisha kosa.

Nilipokuwa nimefika katikati ya kazi nilisafiri hadi zizini, kwa kuwa sikutaka kuamua mambo ya kwato nikiwa mezani Dar es Salaam. Nilipokewa na saisi wa zizi hilo, mzee aliyetunza farasi kwa miaka mingi, mwenye kofia ya mkeka na kidole kimoja kisichokunjika. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha nikamsomea orodha yangu ya maneno. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniingilia. Halafu alimtoa farasi jike wa rangi ya kahawia, akamfunga kamba ndefu, akasimama katikati ya uwanja wa mchanga na kumzungusha.

"Fumba macho," aliniambia. "Usimtazame. Sikiliza miguu."

Nilifumba. Kwanza kulikuwa na mapigo manne, makavu, kama mtu anayetwanga akiwaza mambo yake. Akamwita yule farasi kwa sauti ya ulimi, na mapigo yakawa mawili, tu-tu, tu-tu, sawasawa kama saa ya ukutani. Akamwita tena, safari hii kwa neno fupi la kupanda juu. Mchanga ulibadilika sauti. "Sasa hesabu," alisema, nami nikahesabu: moja, mbili, tatu, kisha pengo ambalo ndani yake nilisikia pumzi ya mnyama tu, halafu moja, mbili, tatu. Pengo lile ndilo nililokuwa nimelisoma kwa majuma mawili bila kulielewa.

"Hiyo ndiyo kenta," mzee alisema.

Nilifumbua macho nikamwuliza kuhusu shoti. "Ile huihesabu, mwanangu. Ile unaisikia kifuani."

Kumbe miongoni mwao husema "troti", "kenta" na "galopu", maneno waliyoyapokea kwa waajiri wao na kuyaviringa mpaka yakawa ya Kiswahili. Nilimwuliza kama "shoti ya pole" ingeeleweka. Aliirudia mara mbili chini ya pumzi, akasema vijana wapya wataielewa haraka kuliko "kenta", kwa sababu wakiambiwa kenta siku ya kwanza hugeuka kutazama getini. Hivyo katika mwongozo nimeandika "shoti ya pole", na pale inapotajwa kwa mara ya kwanza nimeongeza kwamba mazizini huitwa pia kenta, pamoja na ile hesabu ya mapigo matatu na kimya. Neno la saisi nalo lina haki ya kuwamo kamusini, na kamusi isiyoandika lugha ya wanaoshika kazi yenyewe imeacha nusu ya utafiti.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Matamshi ya Kiingereza yamerekodiwa vizuri, kwa sauti za watu na si za mashine, na unaweza kuchagua ya Uingereza au ya Marekani. Programu hufunguka upesi hata katika simu ya bei ndogo na haikuwahi kunigomea nikiwa zizini, ambako mtandao hupatikana ukipanda juu ya ngazi ya ghala. Herufi zinaweza kukuzwa, jambo ambalo wazee watalishukuru. Matangazo hayamo ukishalipa. Nililipa shilingi 15,000 kwa miezi mitatu, na kwa maneno ya kawaida ya ofisini, sokoni na shuleni sioni kwamba nimepunjwa. Nilijaribu maneno ya benki na ya mahakama, mengi yalikuwa na maana zilizotengwa vizuri, yenye mifano. Kinachoonekana ni kwamba watungaji walifanya kazi kwa bidii pale walipodhani watu watatafuta, na kwingineko wakajaza nafasi. Mwanafunzi na karani wanaweza kuinunua bila hofu. Mfasiri wa mambo ya wanyama, ya mabaharia au ya ufundi asiitegemee peke yake, na sehemu ya kufasiri sentensi nzima asiiguse kabisa pale ambapo afya ya mtu au mnyama inahusika.

Kwa anayetaka kuipima kamusi yoyote ya simu kabla ya kutoa fedha, muda wa majaribio wa siku saba unatosha. Aandike majina ya Kiingereza ya miendo ile minne, "walk", "trot", "canter" na "gallop", aone kama atapewa majibu manne au moja lililorudiwa. Kisha ageuze upande, aandike "shoti" na "matiti", aone kama farasi atatokea. Asiyejua farasi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kazi anayoijua, kama vile majina ya matanga, ya mishono au ya hatua za kukua kwa nazi, kuanzia kidaka hadi nazi kavu.

Programu ina fomu ya kutuma masahihisho, nami niliijaza mara nne: kwa "canter", kwa "shoti", kwa "matiti" na kwa mchoro. Nilieleza sababu, nikaambatisha mfano wa punda na mayai kwa idhini ya mwenyewe. Baada ya siku kumi na mbili nilijibiwa kwa heshima na mtu, si kwa ujumbe wa mashine, akinishukuru na kuniuliza kama telki huandikwa kwa "t" au kwa "th". Nilimjibu kwamba nimeisikia kwa "t", na kwamba awaulize pia wenye punda wa Lamu. Jana jioni niliifungua tena. Chini ya "shoti" sasa pana maana ya pili, "mwendo wa mbio wa farasi au punda", ikiwa na namba yake. "Canter" bado ni lori. Malipo yangu yanakwisha mwisho wa mwezi huu, na nitalipia miezi mingine mitatu, kwa sababu barua ile iliandikwa na mtu anayeuliza.